Vifungo Vitatu vya Pembe na Kimoja cha Shaba

Bukoba Mjini,
18 Oktoba 1954

Kwa Penina, binti wa marehemu dada yangu, aliyeko Ijumbi.

Kasinge waitu. Nakuamkia wewe, namwamkia mumeo Aroni, namwamkia na mtoto Kemilembe aliyeota jino, kama bado analo. Sisi hapa hatujambo. Mke wangu Kokubanza kiuno kinamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa. Mgomba wa nyuma ya nyumba umezaa mkungu ambao wanaume wawili waliubeba wakapumzika mara tatu kabla ya kufika jikoni, na jikoni ni hatua kumi.

Baada ya salamu, kaa chini. Kama umeketi, shika kitu.

Juzi Jumamosi, saa nne asubuhi, mji wetu umelipuliwa. Mtu asiyejulikana aliacha kifurushi ndani ya banda la mizani ya kahawa, pale sokoni. Kilikuwa kimefungwa kwa majani ya mgomba kama chakula cha mtu yeyote, kumbe ndani ni baruti ya machimboni. Watu wamejipanga na magunia yao, wanatafuna buni, wanangoja kupimiwa, wanamlaani mpimaji kama desturi, mara! Sijui niuandikeje mlio ule. Mwalimu wangu alinifikisha darasa la tatu tu na herufi hizo hakunipa. Bati la paa liliruka likatua ufukweni. Kahawa ilinyesha. Nakwambia ilinyesha, Penina. Kuku wangu wameshiba na hawalali mpaka leo.

Mpagazi mmoja alikufa pale pale, pamoja na Verdiana, yule mjane aliyekuwa akiuza ndizi za kuchoma. Kumi na wawili wamo hospitali. Tuyaache hayo.

Sasa habari yangu. Sajini Uledi, yule mtu wa pwani mwenye Kiswahili cha kukuaibisha, alifika akauliza, "Nani kaona kitu?" Mji mzima ukatazama vidole vya miguu. Mimi, niliyekwenda vita vya Burma, nitazame vidole? Nikasema, "Mimi hapa."

"Alikuwaje?"

"Mrefu."

"Uso?"

"Kofia ilimfunika."

"Kavaa nini?"

Hapo, mwanangu, ndipo fundi anapojulikana. Mtu wa kawaida angesema kavaa koti, akaishia hapo. Mimi nilimpa koti lenyewe: kaki ya kijivu, bitana nyeusi, mfuko wa kushoto umeshonwa kwa ndani, vifungo vitatu vya pembe, na cha nne, cha chini kabisa, cha shaba. Sajini alilamba penseli mara mbili. Akasema, "Mzee, serikali ingekuwa na watu kumi kama wewe, sisi tungekuwa tunalala tu."

Watu sasa wananiita Bwana Shahidi. Nimewakataza, lakini kwa sauti ndogo.

Koti lake Aroni mwenyewe alilichukua asubuhi ile ile, kabla ya kishindo. Mwambie asilifue kwa maji ya moto.

Mimi mjomba wako,
Yoeli Karugendo, Fundi na Shahidi

*

Ijumbi,
3 Novemba 1954

Mjomba,

Kasinge waitu. Kemilembe hajambo, na meno sasa ni mawili. Barua yako ilikaa dukani Nshamba siku kumi na tatu. Mwenye duka anasema aliogopa kuigusa kwa sababu ilitoka Bukoba na ilikuwa nene. Aliisukuma kwa fimbo hadi kwangu. Msalimu Ma Kokubanza, mwambie kiuno akikande kwa maji moto.

Baada ya salamu, nakupongeza kwa macho yako. Yamefika mpaka Ijumbi.

Jumapili ya tarehe 24 tulikuwa kanisani. Askari wawili walisimama mlangoni mpaka baraka ya mwisho; kwa adabu hiyo nawashukuru. Hawakuuliza jina la mtu. Waliuliza koti. "Wewe, hebu tuone kifungo cha chini." Aroni akawaonyesha huku anacheka, kwani alidhani wamelipenda wanataka kumjua fundi. Akawaambia kwa fahari, mbele ya washarika wote, "Hili nimeshonewa na mjomba wa mke wangu." Wakamfunga pingu juu ya mikono uliyoishona wewe.

Nilimwambia mkubwa wao, "Mnatafuta mtu mrefu. Huyu akisimama ananifika begani." Akanijibu, "Mama, urefu unadanganya. Kifungo hakidanganyi."

Uliniandikia mwenyewe mwezi wa nane kwamba vifungo vya pembe vimekuishia, utamtilia Aroni kifungo cha koti lako la jeshi, kwa heshima ya ukoo. Kifungo hicho duniani kiko kimoja. Sasa heshima hiyo imelala gerezani Bukoba, hatua mia tatu kutoka kwenye cherehani yako. Siku ile Aroni baada ya kukuaga alikwenda kwa miguu mpaka Kemondo kutafuta lori, na njiani hakuna aliyemwona. Mwalimu wa hapa ameniambia adhabu ya kosa hilo ni nini. Aliniambia akitazama pembeni, kwa hiyo nimeelewa. Ni kamba.

Nenda kwa Sajini useme, "Nilichanganya." Ni neno moja. Ulimi uliovuka mito ya Burma hauwezi kuzama katika neno moja.

Mpwa wako,
Penina

*

Bukoba Mjini,
16 Novemba 1954

Penina mwanangu,

Salamu nyingi kama senene wa mwaka huu. Wameshuka juzi, mji wote umewaka taa. Kokubanza amejaza debe. Mimi peke yangu nilikamata magunia mawili kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukishika taa.

Mji haujatulia. Kila mwenye kifurushi cha majani ya mgomba anakifungua mbele ya askari, na askari anachoma ndani kwa kijiti. Siku hizi Bukoba huwezi kuficha kwamba watoto wako wanakula maharage matupu. Wakubwa waliokuwa wakijisifu kwa nyama kila siku, kijiti kimewaumbua. Hakuna anayekaa karibu na kapu lisilo na mwenyewe. Juzi mama mmoja alidondosha sufuria na soko zima likalala chini, mpaka mchungaji. Nami nililala, lakini kwa mbinu.

Habari ya Aroni imenifikia na imenihuzunisha sana. Lakini tazama na upande wangu. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya mwenyewe, amenipa kiti barazani kwake. Kiti, Penina, chenye mgongo! Watu niliowashonea suruali wakakataa kunisalimu, sasa wananivulia kofia. Nikienda kusema nilichanganya, wataniuliza, "Basi uliona nini?" Na swali hilo lina miguu, halikai mahali pamoja. Litatembea mpaka kwa swali jingine, ndugu yake.

Halafu si kwamba sikuona. Niliona vizuri, kwani nilikuwa juu ya paa la duka, nikirekebisha bati. Kutoka juu mtu mfupi huonekana mrefu. Ni mambo ya hesabu, utamuuliza mwalimu wako. Ushauri wangu: Aroni aseme koti aliliokota.

Naona taa inataka mafuta.

Mjomba wako,
Karugendo

*

Ijumbi,
29 Novemba 1954

Mjomba mpendwa, Bwana Shahidi,

Kasinge waitu, kasinge tena. Hapa kibanja kinanishinda, lakini majirani wananisaidia kupalilia. Mtoto hajambo.

Nilikuja Bukoba juma lililopita. Nilipewa dakika kumi na Aroni. Amekonda, na aliniuliza kama umejisikia vibaya, maana hujaonekana. Alidhani ni kiuno chako, si cha Ma Kokubanza. Nilipotoka nikapita kwako. Cherehani ilikuwa imefunikwa, na mkeo akaniambia umekwenda ziwani kuvua. Mjomba, tangu lini unavua? Wewe ukiona sato kwenye sahani unaomba aondolewe kichwa.

Nilikaa kibarazani kukungoja. Pembeni ya cherehani nilikuta kigoda cha Verdiana, kile cha miguu mitatu. Ma Kokubanza alikifuta vumbi, akaanza kulia, akaingia ndani. Nikakumbuka kwamba miaka yote Verdiana alichomea ndizi zake hapo kwako. Basi siku ile alifuata nini kwenye mizani?

Lakini nisikuchoshe. Nina ombi. Mwalimu wetu wa hapa anasema wewe hukuona mtu wala kivuli cha mtu. Nimekutetea mpaka sauti imekauka. Nisaidie: niandikie yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, usiniachie hata punje, ili niwafunge watu midomo. Barua zako zote nazitunza ndani ya sanduku la Biblia, kwa tarehe.

Mpwa wako anayekuamini kama anavyokufahamu,
Penina

*

Bukoba Mjini,
13 Desemba 1954

Penina, binti wa dada yangu, damu yangu halisi,

Salamu za Krismasi. Sasa umeongea kama mtu wa ukoo. Huyo mwalimu wako msomee hii taratibu, aketi mbali na moto asije akaanguka.

Nilikuwa nimesimama langoni mwa banda. (Kwenye lile paa nilikuwa nimeshateremka.) Akatokea jitu, futi saba, ndevu mpaka kifuani, linaongea Kiswahili cha Nairobi. Nikalinusa: baruti. Vitani tuliijua kwa pua. Nikauliza, "Wewe, majani hayo yana nini?" Likasema, "Kitoke, ndizi za kupika." Nikasema, "Kitoke hakitoi moshi!" Nikalishika ukosi. Tukagaagaa kuanzia mizani mpaka mlango wa posta. Mara mbili niliukamata ule mkono wenye kifurushi, mara mbili ukaniponyoka, ulikuwa na mafuta kama kambale. Mwisho likanitupa juu ya magunia, likatupa kifurushi, likakimbia mpaka ziwani na kuogelea kuelekea visiwani. Hapo ndipo nilipokiona kifungo cha shaba, jua lilikipiga kule majini.

Kama lisingenitupa, leo watu wawili wangekuwa hai. Nimesema watu wawili, basi.

Yale ya kigoda sikuyasoma vizuri, wino ulimwagika mahali hapo.

Mwambie mwalimu ajibu sasa.

Mjomba wako,
Y. Karugendo, Shahidi wa Serikali

*

Ijumbi,
8 Januari 1955

Mjomba,

Kasinge. Mtoto hajambo. Meno ni manne.

Mwalimu hakuanguka. Alicheka mpaka akashika ubao, kisha akaniambia, "Mama, barua hizi usizipoteze."

Kesi ni tarehe 25. Nitakuja na barua zako kwenye mfuko. Ya kwanza mtu wako hana uso. Ya pili umemwona ukiwa juu ya paa. Ya tatu ana ndevu, mmegaagaa, na ameogelea. Na Aroni anaogopa hata maji ya kunawa. Nilikuomba uandike zaidi kwa sababu najua kwamba wewe ukipewa kamba hujifunga mwenyewe. Nisamehe. Nilikuwa na kamba nyingine ya kuifikiria.

Ukisimama mwenyewe ukasema kweli, mfuko hautafunguliwa, na mji hautakucheka kwa mkono wangu. Wewe ndiye uliyenipeleka shule mama alipokufa. Sijasahau. Ndiyo maana nakuonya.

Penina

*

Bukoba Mjini,
14 Februari 1955

Penina,

Nakuamkia. Namwamkia Aroni, kama anapokea salamu zangu. Kokubanza hajambo, isipokuwa hasemi nami, na nyumba imekuwa na utulivu ambao mtu angeweza kuuzoea.

Mliondoka mahakamani bila kuniaga. Sikulaumu. Lakini ulikaa nyuma, hukuona nyuso, kwa hiyo acha nikueleze habari ya mahali ulipokuwepo mwenyewe.

Usiku wa kuamkia kesi nilijifunza neno lile moja kama mtoto wa katekisimu. Nikasimama, nikaapa, nikasema, "Nilichanganya. Sikuona mtu. Koti nilikuwa nimetoka kulishona, likanijia mdomoni." Miaka hamsini na miwili nimesema uongo na watu wakaniagizia pombe ya lubisi ili niendelee. Siku moja nimesema kweli, hakimu akamwambia mkalimani, "Muulize ni nani aliyemtisha." Sajini Uledi akanong'ona, "Jamaa za mshtakiwa hao." Niliona kalamu inaandika. Nikaona Aroni ananitazama kwa huruma. Mimi! Yeye ndiye anayekwenda kunyongwa, ananihurumia mimi.

Ndipo nikasema, "Bwana mkubwa, mpwa wangu ana barua zangu kwenye mfuko ule. Zisomwe." Uliinua macho, hilo nililiona. Uliahidi kutozifungua, na hukuzifungua. Nilizifungua mimi, uandike hilo mahali.

Karani alisoma vizuri mno. Kwenye paa walitabasamu. Kwenye ndevu mkalimani alikosa neno la kambale kwa Kiingereza, akaonyesha kwa mkono. Alipofika ziwani, hata hakimu alijificha nyuma ya leso. Sajini Uledi ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alitazama penseli yake kama imemwibia. Baadaye, nje, aliniambia, "Mzee, ningekuwa na watu kumi kama wewe, ningerudi Pangani kulima nazi."

Hakimu akauliza, "Ulikuwa wapi hasa?" Nikasema chini ya meza ya cherehani, nimejifunika suruali ya mteja. Na Burma? Nikasema vita vyote nilishona kaptura kambini Tabora. Hilo hawakuniuliza, lilitoka lenyewe. Kumbe kweli nayo ikifunguliwa haina breki.

Aroni ameachiwa. Mimi sasa naitwa Bwana Kambale. Watoto hawajui hata kwa nini. Kiti chenye mgongo kimerudishwa. Wanasema aliyelipua ni mtu wa machimboni Karagwe, amekamatwa Mwanza. Wengine wanasema si huyo. Wananiuliza maoni yangu, kwa kuchokoza tu, nami nawaambia sijui. Neno hilo bado linanikwaruza kooni.

Lakini hawakuniuliza swali moja, na wewe uliniuliza, nami nikasema wino umemwagika. Wino haukumwagika.

Asubuhi ile, kabla Aroni hajafika, koti lilikuwa limening'inia kibarazani. Verdiana alikuwa anachoma ndizi zake mahali pake, na moshi ulikuwa unalipiga. Nilitaka Aroni alikute safi. Nilitaka aseme mjomba ni fundi. Nikamwambia Verdiana, "Ondoa moshi wako hapa, mama, nenda kwenye mizani, huko ndiko kuna watu wenye njaa." Akacheka. Akasema, "Ta Karugendo, koti hili umelishonea mfalme?" Akabeba jiko lake kwa matambara mawili, na kigoda akakiacha. Akasema atarudi kukichukua.

Sajini aliponiuliza nimeona nini siku ile, nilichokuwa nacho machoni ni yeye anavuka barabara na jiko. Hilo sikuweza kulisema. Nikatafuta kitu kingine chochote cha kusema, na kilichokuwa karibu ni koti.

Kibaraza sasa hakina moshi. Kitambaa kinakaa cheupe mpaka jioni.

Yoeli Karugendo, fundi

*

Ijumbi,
9 Machi 1955

Mjomba,

Kasinge waitu. Mtoto hajambo, anatambaa na anauma kila kinachomkaribia. Kahawa imechanua yote kwa siku moja. Mwenye duka wa Nshamba aliileta barua yako kwa mikono yake miwili, bila fimbo.

Nimeisoma peke yangu. Sikumsomea mwalimu. Aroni nilimsomea mahali pa Verdiana tu. Akasema, "Kumbe ni yeye aliyeniachia ile ndizi moja kibarazani siku ile. Niliila njiani kwenda Kemondo."

Koti limerudishwa, lakini kifungo cha shaba polisi wamebaki nacho. Aroni halivai, wala hajalitupa. Limening'inia. Njoo Pasaka, uje na kifungo chochote, na uje na kile kigoda. Verdiana alikuwa na dada yake hapa Muleba, nimemtafuta nikampata. Tutampelekea pamoja, na wewe ndiye utakayesema. Mimi nitakaa pembeni yako. Ukifika kwenye jitu lenye ndevu, nitakukanyaga mguu.

Mpwa wako,
Penina